Kufufua Kompyuta Kuukuu kwa Fedha Kidogo: Somo la Kupima Kabla ya Kununua

Utangulizi

Katika baadhi ya shule zetu za msingi ipo kompyuta moja tu ya mezani, nayo huwekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Aghalabu hutumika kuandikia barua, kuchapia mitihani na kutunzia majina na alama za wanafunzi. Siku ilipoletwa ilifanya kazi vizuri. Miaka imepita, na sasa mwalimu akiiwasha asubuhi huweza kwenda kusimamia gwaride na kurudi kabla haijawa tayari. Hapo ndipo mashauri huanza. Wengine husema inunuliwe mpya. Wengine husema aitwe fundi aje aiongezee nguvu. Fedha hutolewa, kifaa hufungwa, na kompyuta huendelea kujikokota kama jana.

Jambo hili si dogo. Shilingi iliyotumika ovyo hapa ni shilingi ambayo haitanunua vitabu wala madawati. Tena ndani ya kompyuta hiyo zimo kumbukumbu za watoto, ambazo fundi mwenye haraka aweza kuzifuta kwa dakika moja. Mwalimu si lazima awe fundi, lakini hana budi kuelewa kiasi cha kumwuliza fundi maswali na kuyapima majibu yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuboresha viungo vikuu vya kompyuta ya zamani kwa fedha kidogo, na jinsi mwanachuo anavyoweza kuifundisha mada hii darasani. Tutasisitiza jambo moja: kompyuta huenda kwa mwendo wa kiungo chake kilicho nyuma kuliko vyote. Asiyekitambua kiungo hicho hununua kwa kubahatisha.

Viungo vya kazi na uhusiano wao

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani utaona vitu vingi, lakini kwa somo letu vitano vinatosha.

Cha kwanza ni prosesa, yaani kiungo kinachofanya hesabu na kutekeleza amri. Cha pili ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Hapo huwekwa kazi inayofanywa wakati huo, na umeme ukikatika yote yaliyomo hupotea. Cha tatu ni diski, ambayo ndiyo ghala: hutunza maandishi, picha na programu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Cha nne ni ubao mama, au mazabodi, ambao huunganisha viungo vyote. Cha tano ni pawa saplai, kisanduku kinachobadili umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaofaa viungo vya ndani.

Mfano ufaao zaidi ni jiko la shule. Prosesa ni mpishi, ramu ni meza yake, na diski ni ghala la chakula. Mpishi hawezi kukata kitunguu kilichomo ghalani. Sharti kwanza kiletwe mezani. Meza ikiwa ndogo, kila kinapoletwa kitu kipya hakuna budi kingine kirudishwe. Ghala likiwa mbali, mpishi husimama mikono mitupu akingoja. Katika jiko la namna hiyo, kuajiri mpishi hodari zaidi hakutaharakisha uji hata kidogo. Kutamwongeza mtu wa kungoja.

Kwa nini diski ya zamani huchelewesha

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea juu yake kutafuta habari. Katika kompyuta nyingi za mezani sahani hizo huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Hapa pana hesabu nzuri ya kufanya pamoja na wanafunzi wa madarasa ya juu.

Mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3 hivi. Kwa wastani habari inayotakiwa huwa nusu ya mzunguko kutoka pale mkono ulipo, yaani kungoja kwa milisekunde 4 hivi. Ongeza muda wa mkono kusogea, ambao tutaukadiria kuwa milisekunde 9. Jumla ni milisekunde 13 kila inapotafutwa habari iliyo mahali pengine.

Milisekunde 13 huonekana si kitu. Lakini kompyuta inapowaka hutafuta vipande vidogo maelfu kwa maelfu. Tuseme vipande 6,000: zidisha kwa 13, utapata milisekunde 78,000, yaani sekunde 78 za kungoja tu. Diski mpya isiyozunguka, ambayo madukani huitwa SSD, haina sahani wala mkono, na hupata kipande kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vipande vile vile 6,000 huchukua sekunde 0.6. Hii ndiyo sababu kompyuta kuukuu huweza kuonekana imezaliwa upya kwa kubadilishwa diski peke yake, bila kuguswa prosesa.

Kupima kabla ya kununua

Mwalimu asinunue chochote kabla ya kupima. Katika kompyuta zinazotumia Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, ramu na diski zinavyotumika. Fungua programu zile zile zitumikazo kila siku, kisha tazama dirisha hilo na uandike namba katika daftari. Namba hizo husomwa hivi:

(a) Ramu ikiwa imejaa au kukaribia kujaa, hiyo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Meza ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski huanza kuhangaika. Kwa hiyo diski yaweza kuonekana na hatia, kumbe kosa ni la meza ndogo.

(b) Ramu ikiwa na nafasi, lakini diski ya kuzunguka imefika asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini, basi kinachochelewesha ni diski.

(c) Prosesa ikiwa juu wakati wote, na ramu na diski zimetulia, hapo prosesa ndiyo iliyozidiwa. Hata hivyo usikimbilie dukani. Fungua kasha kwanza na utazame vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue.

Mpango wa kazi

Tuchukue mfano wa kompyuta ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Intel Core i3-3220, ramu ya gigabaiti 2 ya aina ya DDR3, na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 250. Tutaanza na kazi isiyo na gharama na kupanda hatua kwa hatua. Kila baada ya hatua moja pima upya. Ukiridhika, simama hapo.

Hatua ya kwanza: nakala ya akiba. Kabla ya kushika bisibisi, nakili kumbukumbu zote za shule mahali pawili tofauti, kisha uzifungue nakala hizo katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa nakala.

Hatua ya pili: usafi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa viungo vya ndani, maana umeme tuli wa mwilini huweza kuharibu chipu, hasa katika mahali penye hewa kavu. Ondoa vumbi kwa brashi laini, huku umeishika feni isizunguke. Kama dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto imekauka, ifute na kupaka nyingine, kiasi cha punje ya choroko. Ikiwa kompyuta husahau tarehe kila inapochomolewa, badilisha betri ndogo ya duara iliyo juu ya ubao mama. Kwa kawaida ni ya volti 3, yenye alama CR2032. Pawa saplai isifunguliwe kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani yake hubaki umeme uwezao kudhuru.

Hatua ya tatu: ramu. Ramu za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo lililo kwenye ukingo wa kila aina limewekwa mahali tofauti, na asiyejua akilazimisha huvunja. Kwa kompyuta ya mfano wetu twahitaji DDR3 ya kompyuta ya mezani, si ya kompyuta ya mkononi wala ya seva. Ni afadhali kununua vipande viwili vya gigabaiti 4 vilivyo sawa kuliko kimoja cha gigabaiti 8, kwa kuwa vikiwekwa katika nafasi zilizopangwa kwa jozi, prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja. Ziko pia ramu za DDR3 ziuzwazo kwa bei ya chini ambazo hukubali ubao mama wa prosesa za AMD tu. Dawa yake ni moja: beba kompyuta yenyewe hadi dukani, ijaribiwe mbele yako kabla hujalipa.

Jambo jingine ni mfumo endeshi. Mfumo wa biti 32 huhesabu anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4. Ukiweka gigabaiti 8 katika Windows ya biti 32 iliyomo kwenye kompyuta za namna hii, nusu ya fedha yako italala bure mpaka uweke mfumo wa biti 64.

Hatua ya nne: diski. SSD ya gigabaiti 240 au 256 yatosha kabisa kwa kazi za ofisi ya shule. Chagua ile yenye kiunganishi cha SATA, ambacho kompyuta ya mwaka 2012 inacho. SATA ya kizazi cha tatu hupitisha hadi kama megabaiti 600 kwa sekunde, na ya kizazi cha pili kama 300. Lakini hata katika ile ya pili faida kubwa hupatikana, maana faida yenyewe imo katika kutongoja sahani izunguke. Tahadhari na diski zinazoandikwa ukubwa mkubwa kwa bei ya kushangaza: ijaze majalada, kisha uhakikishe kwamba yote yanafunguka, wakati dhamana ya duka ingalipo.

Hatua ya tano: prosesa. Ifikiriwe tu endapo vipimo bado vinaionyesha imezidiwa. Prosesa ya mfano wetu hukaa katika soketi iitwayo LGA 1155, na soketi hiyo huweza kupokea Core i5-3470, ambayo ina viini vinne badala ya viwili. Lakini yako mambo matatu ya kuhakikisha. Kwanza, ubao mama wenyewe uwe unaitambua prosesa hiyo. Baadhi ya mbao mama huhitaji programu yake ya ndani isasishwe kwanza. Pili, joto: prosesa ya kwanza imekadiriwa wati 55, na ya pili wati 77, hivyo kipoza joto kiwe chenye kutosha. Tatu, vipini vidogo vya soketi hiyo viko kwenye ubao mama, na kimoja kikipindwa ubao mzima waweza kufa. Prosesa hupangwa kwa kufuata alama ya pembetatu iliyo pembeni, na hutuliwa bila kusukumwa.

Mahali pa kusimama

Kujua mahali pa kusimama ni sehemu ya ujuzi. Ikiwa prosesa mpya inayotakiwa haiingii katika soketi iliyopo, itabidi kubadilisha ubao mama. Ubao mama mpya hudai ramu mpya. Pengine hata pawa saplai haitafaa, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi hutumia viunganishi vya namna yake. Aliyefika hapo ananunua kompyuta nyingine kipande kwa kipande, na mara nyingi kwa bei kubwa zaidi. Vilevile, ukiona kapasita za ubao mama zimevimba au kuvuja, usiweke fedha juu yake. Ushauri wetu ni kwamba gharama zote za kuboresha zisizidi nusu ya bei ya kompyuta iliyotumika ya toleo la baadaye, iliyo nzima.

Umri una mpaka mwingine pia. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida kutoka Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta ya mfano wetu ina prosesa ya kizazi cha tatu. Ramu na SSD haziwezi kubadili hali hiyo. Njia iliyo halali na isiyo na gharama ni kuweka mfumo wa Linux pamoja na programu za ofisi za LibreOffice. Njia hii si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini mwalimu akumbuke kwamba wenzake nao watahitaji kufundishwa mfumo huo, na muda wa kujifunza nao ni gharama.

Mwisho, diski ya zamani isitupwe wala kuuzwa ikiwa na majina na alama za watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, siri za mtoto ni amana kwa mwalimu wake. Ihifadhiwe chini ya kufuli, au ifutwe kabisa kwa programu maalumu.

Andalio la somo

Mada hii isifundishwe kwa mhadhara. Tunapendekeza mchezo wa jiko, kwa vipindi viwili vya dakika 40, na unaweza kufanyika hata mahali pasipo na kompyuta.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza kazi ya prosesa, ramu na diski, na kutambua kwa kupima ni ipi inayochelewesha.

Zana: Kadi 10 zenye hesabu fupi, saa yenye mshale wa sekunde, meza, na ubao.

Mwenendo: Mwanafunzi mmoja ni mpishi na hufanya hesabu zilizo kwenye kadi, mwingine ni mchukuzi. Kadi zote huwekwa ghalani, nje ya mlango. Mwalimu husoma orodha ya maagizo 20, kila kadi ikitajwa mara mbili bila mpango. Kadi iliyotajwa ikiwa haipo mezani, mchukuzi huifuata. Meza ikiwa imejaa, hurudisha moja kwanza. Hufanywa duru nne:

1. Meza hubeba kadi 3 tu na ghala liko nje. Andikeni muda.
2. Mpishi hubadilishwa, awe yule aliye hodari wa hesabu kuliko wote. Mengine yabaki yalivyo.
3. Mpishi wa kwanza arudi, lakini meza sasa ibebe kadi zote 10.
4. Ghala liletwe hatua tatu kutoka mezani.

Kabla ya kila duru wanafunzi wakisie muda utakaotumika, na makisio yaandikwe ubaoni. Wengi hutarajia duru ya pili ipunguze muda sana, na tofauti kati ya makisio na kipimo ndiyo hazina ya somo. Mwalimu asiwahi kuieleza, awaulize, “Mpishi alikuwa akifanya nini muda mwingi?” Wakishajibu wenyewe, ndipo majina ya prosesa, ramu na diski yatajwe.

Hitimisho

Fundi mwema hataudhika akiulizwa, “Umepimaje hata ukajua kwamba ni prosesa?” Atafurahi kueleza. Asiyeweza kujibu asipewe fedha za shule. Mwalimu akiwa na daftari lenye namba alizopima mwenyewe, kabla na baada ya kila hatua, ataweza kuionyesha kamati ya shule kilichonunuliwa na manufaa yaliyopatikana.

Maswali ya mazoezi

1. Diski huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Tafuta muda wa mzunguko mmoja na wa nusu mzunguko kwa milisekunde.

2. Kompyuta ina ramu iliyotumika asilimia 96, diski asilimia 100 na prosesa asilimia 12. Utanunua nini kwanza? Toa sababu.

3. Shule ina shilingi 150,000. Kwa bei za zoezi hili tu, dawa ya joto na brashi ni shilingi 10,000, ramu 40,000, SSD 80,000, prosesa iliyotumika 60,000 na flashi ya nakala 20,000. Panga ununuzi wako na ueleze kilichoachwa na kwa nini. Kisha tembelea maduka mawili, upate bei halisi, na upange upya.

4. Kwa nini nakala ya akiba hutangulia hata kufuta vumbi?

5. Endesha mchezo wa jiko katika mazoezi ya kufundisha. Andika makisio na vipimo vya duru zote nne, na ueleze ni swali gani la mwanafunzi lililokufanya ubadili utaratibu wa somo.